Mashine Ikija Kazini: Kwa Nini Semina Haitoshi

Mei 2023 waandamanaji wa Kericho, magharibi mwa Kenya, waliingia kwenye mashamba ya chai na kuchoma moto mashine za kuchumia za Ekaterra, kampuni iliyokuwa ikimiliki chai ya Lipton wakati huo. Polisi walijeruhiwa na mwandamanaji mmoja akauawa. Walio mbali walikuwa na maelezo tayari: watu wa mashambani wanaogopa teknolojia.

Maelezo hayo hayasimami. Wakenya hao hao wanatumiana pesa kwa simu tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, na hakuna aliyewahi kuandamana kuichoma simu. Tena malalamiko ya wachumaji hayakuzuka siku ile. Oktoba 2010 wafanyakazi wa mashamba ya chai waligoma kwa sababu ya mashine hizo hizo. Kati ya mgomo ule na moto ule kulipita zaidi ya miaka kumi na miwili, muda wa kumsomesha mtoto kutoka darasa la kwanza hadi mwisho wa sekondari. Ndani ya muda huo mashine ziliendelea kuingia, na mpango wa maana kwa watu waliokuwa wakizipisha haukuonekana.

Huku kwetu, chombo kipya kikiingia ofisini, kiwandani au hospitalini, jibu linajulikana kabla ya swali: wapelekwe mafunzo. Mwezeshaji anaitwa, projekta inawashwa, chai ya saa nne inanywewa, vyeti vinagawiwa, picha ya pamoja inapigwa. Sina ugomvi na mafunzo. Lakini mambo matatu yasiyofanana hata kidogo huchanganywa na kupewa dawa hiyo hiyo moja. Kuna mahali chombo kinabadilika na kazi inabaki vile vile. Kuna mahali cheo kinabaki na kazi yenyewe inageuka. Na kuna mahali kazi inakwisha.

La kwanza ndilo jepesi, na hata hilo huwa tunaliharibu. Chukua kituo cha afya Tanzania kinachoanza kutumia GoTHOMIS, mfumo wa serikali wa kompyuta wa kuendeshea hospitali na vituo vya afya. Muuguzi bado anapokea wagonjwa, anachoma sindano, anazalisha. Kilichobadilika ni mahali pa kuandika. Siku mbili tatu za kuelekezwa zinamtosha kujua kitufe kipi kinafanya nini. Kinachomchosha ni kuandika mara mbili: vitabu vya MTUHA, vya kuandikia taarifa za huduma za afya kwa mkono, bado viko mezani na mkaguzi atakuja kuviuliza, huku kompyuta nayo inadai taarifa zile zile, na benchi la akina mama wenye watoto limejaa. Umeme ukikatika, anarudi kwenye karatasi, kisha jioni anahamishia kwenye mfumo. Baada ya miezi kadhaa wakubwa wanasema watumishi hawataki mabadiliko.

Msaada wa kweli hapo ni wa kiutawala. Itajwe tarehe ambayo kitabu kitafungwa, na aliye na mamlaka ya kukifunga akifunge. Wiki za mwanzo waongezwe watu kwenye zamu, maana kila mtu huwa mzito anapojifunza. Kila zamu iwe na mwenzao mmoja anayeujua mfumo, wa kuulizwa pale pale mgonjwa akiwa amekaa, badala ya fundi wa makao makuu anayepokea simu kesho yake. Na kuna jambo la heshima ambalo miongozo mingi hulisahau. Mtumishi wa miaka 52 aliyewafundisha kazi nusu ya wenzake hatanyoosha mkono mbele ya vijana waliomaliza chuo juzi kuuliza jinsi ya kuhifadhi faili. Akielekezwa pembeni na mtu wa rika lake, anaelewa siku hiyo hiyo. Akiaibishwa, ataikwepa kompyuta mpaka anastaafu, na mtamwita mkaidi.

Jambo la pili hutokea kimya zaidi. Mfano unaotajwa sana na wachumi ni wa makarani wa benki Marekani. Mashine za kutolea pesa zilipoenea, ilitarajiwa makarani watatoweka. Mwanauchumi James Bessen alionyesha kwamba kati ya 1988 na 2004 wastani wa makarani katika tawi moja la mjini ulishuka kutoka 20 hadi 13, lakini kwa kuwa tawi likawa nafuu kuendesha, benki zilifungua matawi mengi zaidi, na idadi ya makarani kwa jumla haikuporomoka wakati huo. Hadithi hii hupendwa na wauza mitambo, ambao huikatisha hapo. Mbele kidogo kuna simu, na simu haihitaji tawi. Isitoshe, waliobaki dirishani hawakubaki na kazi ile ile. Aliyeajiriwa kwa sababu hakosei kuhesabu noti sasa anapimwa kwa mikopo aliyouza na akaunti alizofungua. Ameajiriwa upya bila kuulizwa kama anataka, kwa malengo ya mwezi ambayo hayakuwamo kwenye barua yake ya ajira. Hapa mafunzo yanafaa iwapo yataambatana na mambo mawili: kipimo cha kazi kiandikwe upya mezani, mfanyakazi akiwepo, na asiyeweza kuuza aonyeshwe nafasi nyingine ndani ya benki kabla hajaanza kupewa barua za onyo.

Turudi Kericho, maana ndiko lilipo jambo la tatu, na hapo ndipo semina inapogeuka kuwa kejeli.

Mchumaji chai wa mkono huchagua majani mawili na chipukizi, hutupa kikapuni mgongoni, na hulipwa kwa kilo. Kampuni zinasema mishahara imepanda kuliko bei ya chai mnadani, na kwa mahesabu yao hawasemi uongo: kilo iliyochumwa kwa mashine huwagharimu pesa kidogo sana kuliko ya mkono. Kaunti ya Kericho iliunda kamati, na mjumbe wake mmoja alieleza mwaka 2023 kwamba kazi zipatazo 30,000 zilikuwa zimepotea katika kaunti hiyo pekee kwa muongo mmoja. Kamati ilipendekeza ugawaji wa 60 kwa 40: sehemu kubwa ichumwe kwa mashine, iliyobaki ibaki mikononi mwa watu.

Sasa fikiria unamfundisha nini mchumaji. Kuendesha mashine? Mashine inachukua kazi ya makumi ya watu na inahitaji wachache kuiendesha. Hata wote wakifuzu, nafasi hazipo. Na nafasi hizo chache mara nyingi huenda kwa wanaume, kwa kuwa mashine ya kubebwa mikononi ni nzito na inatetemesha mwili, ilhali wanaoondoka shambani ni pamoja na wanawake wengi waliokuwa wakisomesha watoto kwa kikapu kile. Ushonaji na ufugaji kuku, kozi zinazopendwa na kila mradi wa kuwainua akina mama, zinategemea wanunuzi, na wanunuzi wa eneo lile walikuwa ni wachumaji wenyewe. Mshahara wa shambani ukiondoka, duka, matatu na genge la mboga vinaondoka nao.

Halafu kuna nyumba. Katika mashamba makubwa mfanyakazi huishi kwenye nyumba ya kampuni ndani ya shamba, mtoto anasoma shule ya shamba, na akiugua anatibiwa zahanati ya shamba. Siku anapopunguzwa hapotezi mshahara tu. Anatakiwa kuhama, kuhamisha watoto katikati ya muhula, na kurudi kijiji ambacho pengine babu yake ndiye aliyekiacha. Mpango wowote wa kumsaidia usioanza na swali la atalala wapi umekosea mlango.

Je, kuna mahali jambo hili liliwahi kufanywa vizuri? Lipo, ingawa si kwa ukamilifu, na linahusu makuli wa bandarini.

Katika bandari za pwani ya magharibi ya Marekani, kuanzia Seattle hadi San Diego, shehena ilikuwa ikipakiwa na kupakuliwa kwa mikono, gunia kwa gunia, na magenge ya wafanyakazi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mitambo na makontena yalikuwa yanabisha hodi. Chama cha makuli hao, ILWU, kiliongozwa na Harry Bridges, mzaliwa wa Australia ambaye serikali ya Marekani ilijaribu mara kadhaa kumfukuza nchini kwa tuhuma za ukomunisti. Si mtu wa kumdhania kibaraka wa waajiri. Lakini Bridges aliona kwamba kuzuia mitambo kungewezekana kwa miaka michache tu, na kwamba nguvu ya chama ilikuwa kubwa kabla mitambo haijafika kuliko itakavyokuwa baadaye. Akaiuza ridhaa hiyo ikiwa bado na bei.

Mkataba ulisainiwa Oktoba 1960. Waajiri walipata uhuru wa kuleta mitambo na kupunguza ukubwa wa magenge. Wao wakakubali kuchangia mfuko wa dola milioni 5 kwa mwaka kwa miaka mitano na nusu, na pamoja na fedha zilizotangulia jumla ikafika dola milioni 29. Mwanachama aliyesajiliwa kikamilifu asingeachishwa kazi kwa sababu ya mitambo. Saa za kazi zikipungua kwa sababu hiyo, mfuko ungemfidia mshahara. Mwenye miaka 25 kazini angestaafu na kitita cha dola 7,920 juu ya pensheni yake, na aliyetaka kutoka mapema alifunguliwa njia. Idadi ya watu ilishuka kwa wazee kustaafu na wapya kutoajiriwa. Fungu la kufidia saa zilizopungua halikuguswa sana, kwa kuwa shehena iliongezeka.

Fundisho la kwanza la mkataba ule ni mpangilio wa hatua. Mazungumzo yalitangulia ununuzi wa mitambo, na pesa zikatengwa kutokana na akiba ambayo mitambo ingeleta. Fundisho la pili ni mwendo. Tuchukue shamba la kubuni lenye wachumaji 1,000 ambapo kila mwaka watu 6 katika kila 100 huondoka wenyewe: wanastaafu, wanaolewa mbali, wanarudi nyumbani, wanafariki. Mwajiri asipojaza nafasi hizo, baada ya miaka kumi atabaki na watu kama 540 bila kumfukuza hata mmoja. Mashine zingeingia kwa mwendo huo huo, kusingekuwa na barua za kuachisha kazi za kugombania. Ni polepole kuliko apendavyo mhasibu, na hiyo ndiyo gharama ambayo mwajiri anapaswa kuibeba.

Fundisho la tatu ni chungu. Mkataba ulimlinda aliyesajiliwa kikamilifu. Waliokuwa daraja la pili, wale wa B, hawakuingia kwenye manufaa ya mfuko, na vibarua wa siku moja moja hawakuwamo kabisa. Wala amani haikudumu milele. Makontena yalipoenea na kazi ya kuyajaza kuhamia nje ya bandari, makuli hao waligoma mwaka 1971, mgomo uliofikisha siku 134 za kusimama kazi. Anayesaini mapatano ya teknolojia akidhani amemaliza, hajamaliza.

Wasweden walipita njia nyingine. Tangu 1974 wana baraza la kuwahudumia watumishi wa ofisini wanaopunguzwa, TRR, linaloendeshwa na waajiri pamoja na vyama vya wafanyakazi. Kwa miaka mingi waajiri wanachama walichangia asilimia 0.3 ya fungu la mishahara, kila mwaka, hata wasipopunguza mtu. Mfanyakazi akipewa taarifa ya kupunguzwa, mshauri wake anaanza naye kazi wakati bado yuko kazini: barua za maombi, kozi inayolingana na nafasi zilizopo, ushauri kwa anayetaka kujiajiri. Mwaka 2004 likaanzishwa baraza kama hilo, TSL, kwa wafanyakazi wa viwandani. Siupendekezi mfumo huo uletwe Kericho kama ulivyo. Unafaa palipo na waajiri wengine wa kumpokea mtu, na mchumaji akitoka kwenye geti la shamba hakuna kiwanda kinachomsubiri ng'ambo ya barabara.

Hata hivyo kuna hesabu moja inayostahili kufanywa. Kenya ina tozo ya mafunzo inayosimamiwa na NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani: mwajiri hulipa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi. Kwa mfanyakazi wa mshahara wa shilingi 30,000, asilimia 0.3 ya Kisweden ingekuwa shilingi 90. Tofauti ipo, lakini si ya mbingu na ardhi. Shamba la watu 5,000 linalipa shilingi milioni 3 kwa mwaka kwenye tozo hiyo. Kinachotofautiana zaidi ni nani anafuatwa na pesa. Ya NITA humrudishia mwajiri gharama za kuwafunza watu alio nao. Aliyepunguzwa si mfanyakazi wa mtu tena, kwa hiyo hana mwajiri wa kumwombea fungu. Kuibadilisha kanuni hiyo, ili sehemu ya tozo imfuate mtu kwa mwaka mmoja baada ya kupunguzwa, kungesaidia kuliko kongamano lolote la ujuzi wa kidijitali.

Na sheria inasemaje? Inasema mengi kuliko tunavyoitumia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inaitaja teknolojia waziwazi miongoni mwa mahitaji ya kiuendeshaji yanayoweza kumfanya mwajiri apunguze watu. Kifungu cha 38 kinamtaka atoe taarifa mara tu anapofikiria kupunguza, si akishaamua. Anatakiwa kufichua taarifa zote zinazohusika na kushauriana juu ya sababu, njia za kuepuka au kupunguza athari, vigezo vya kuchagua nani aondoke, na malipo. Wasipoelewana, shauri linakwenda kwenye usuluhishi wa CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kwa siku 30 mwajiri haruhusiwi kumpunguza mtu. Huo ni mlango mpana. Kwa bahati mbaya matawi mengi ya vyama huugundua siku barua zimeshachapwa, na mashauriano yanageuka kuwa kikao cha kusomewa kiwango cha malipo.

Kuhusu malipo yenyewe, nchi hizi mbili jirani zinatofautiana sana. Kenya, kwa Sheria ya Ajira ya 2007, anayepunguzwa hulipwa si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotimiza, na chama pamoja na afisa wa kazi hupewa taarifa angalau mwezi mmoja kabla. Tanzania, kiinua mgongo cha kisheria ni siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka, na hesabu inakomea miaka kumi. Mtu wa miaka 20 kazini atapata siku 300 upande mmoja wa mpaka wa Namanga na siku 70 upande wa pili. Siku 70 hazifiki hata mavuno ya msimu mmoja wa mahindi kwa anayerudi kulima. Viwango hivyo ni vya chini kabisa, na chama kinaruhusiwa kujadili zaidi, ila ni lazima kijadili kabla.

Ndiyo maana mahali pa kuanzia ni mkataba wa hali bora za kazi kati ya chama na mwajiri, unaposainiwa upya, wakati hakuna mashine yoyote mlangoni na pande zote mbili zimetulia. Kifungu cha teknolojia hakihitaji maneno makubwa. Mwajiri aeleze mpango wa kununua mtambo miezi sita kabla ya kuagiza, pamoja na idadi ya kazi zitakazoguswa na akiba anayotarajia kwa mwaka. Nafasi zinazoachwa wazi zisijazwe tangu siku hiyo, ili kupungua kwa kawaida kufanye kazi yake. Nafasi za kuendesha mtambo zitangazwe ndani kwanza, na uzito wa mtambo uzingatiwe wakati wa kuununua ili wanawake wasifungiwe nje na mpini. Palipo na nyumba za kampuni, muda wa kuhama ufuate kalenda ya shule.

Vibarua nao waandikwe humo. Wengi wao wamechuma misimu mingi kuliko wenye ajira ya kudumu, na ndio huondolewa kwanza bila kuhesabiwa popote, kwa kuwa kwenye vitabu hawakupunguzwa: hawakuitwa tu. Kifungu kiwataje kwa idadi ya misimu waliyofanya, sio kwa orodha ya majina, maana orodha hutunzwa na mwajiri peke yake.